Gemu ya Brayo na Ukuta wa Mzee Odongo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kibanda chetu cha Kawangware. Macho yamechoka na waya nyembamba, na mkono wa kulia umeanza kutetemeka wakati usiofaa, hasa nikishika chuma cha kulehemu. Nyinyi mnaobaki pale mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu ya kufunga na kutengeneza televisheni na gemu majumbani. Nimeandika. Msitafute humu habari za nilianza na kiasi gani nikamaliza na kiasi gani, kwa sababu hizo hazitawasaidia kushika bisibisi. Nitawaeleza nilivyofundishwa, halafu nitawaeleza habari ya gemu ya mteja mmoja ambayo nimeifunga, nikaifungua na kuifunga tena, tangu nikiwa na nguvu mpaka siku yangu ya mwisho kazini.

Nilijifunza kazi Makina, dukani kwa Mzee Marjan, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo Kibera kama baba yake. Alivaa kofia ya kufumwa na kuchomeka testa ya umeme nyuma ya sikio, mahali ambapo maseremala huweka penseli. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma nikijua kubadilisha fyuzi, na nilidhani nimebakisha kidogo tu kujua yote.

Siku ya kwanza alinipeleka kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa amenunua televisheni. Nilipoingia nilitoa nyundo na misumari, nionekane mtu wa kazi.

"Weka hiyo chini, binti," Mzee Marjan akasema. "Kaa."

"Nikae wapi, Mzee?"

"Pale mwenye nyumba anakaa."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, maana katika vyumba vile kitanda ndicho sofa. Akaniuliza naona nini. Nikamjibu naona ukuta.

"Sehemu gani ya ukuta, bila kuinua shingo?"

Nikamwonyesha. Akaweka alama ya chaki. Nilipoinama kuchukua nyundo akanishika bega, tukatoka nje, tukazunguka mpaka mlango wa jirani. Akapiga hodi, akasalimia, akauliza habari za watoto, akaomba kuona ukuta. Upande ule, sawasawa na alama yetu ya chaki, kulikuwa na rafu ya vyombo, na chini ya rafu alilala mtoto mchanga. Msumari wangu ungetoboa bati na kutokea juu ya kichwa chake. Tukarudi, tukasogeza alama, ndipo nikaruhusiwa kugonga.

"Ukuta wa hapa ni wa watu wawili," aliniambia tukirudi dukani. "Anayelipa kodi upande huu hajalipia ule mwingine."

Basi hayo mawili ndiyo mafunzo yangu: kaa mahali pa mteja, kisha nenda upande wa pili wa ukuta. Mengine nilijifunza kwa kuungua vidole. Nimefundisha vijana wengi, na karibu wote walidhani kuzunguka kwa jirani ni adabu za kizee za kupoteza wakati. Wengine, waliotoboa bila kuangalia wakaharibu vya watu, mpaka leo hunikwepa tukikutana.

Mashine za gemu zilipoanza kuingia majumbani, duka letu lilipata kazi mpya. Vumbi la mtaa wetu ni jekundu na laini, huingia kwenye feni ya mashine na kukaa kama unga kwenye chungio. Safisheni kwa brashi kavu ya rangi, msipulize kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji. Halafu kuna mende. Mashine ya gemu ina joto, na mende wanalipenda joto hilo kuliko mwenye mashine. Niliwahi kufungua moja nikakuta ukoo mzima, na kijana mwenyewe akaniuliza kwa uso wa dhati kama ilitoka kiwandani hivyo. Iinueni mashine kutoka sakafuni, muipe nafasi ya kupumua nyuma, na kamwe msiifunike kwa kitambaa cha kufuma hata mama mwenye nyumba akisisitiza. Mwambieni kitambaa kitapendeza zaidi kwenye stuli.

Nilijifunza pia kwamba hakuna mtu anayetaka kitu kile kile maisha yake yote. Kijana anayeishi peke yake huniambia sauti, Fundi, nataka sauti. Akishaoa anataka waya zisionekane. Mtoto akizaliwa anatafuta namna ya kucheza bila kusikika. Nimeona watu walioapa kwamba televisheni yao haitoshi, na baada ya miaka michache wanaomba tu kiti kisichowaumiza mgongo. Mteja mwenyewe hajui kwamba amebadilika. Anadhani vifaa ndivyo vilivyozeeka.

Brayo alikuwa mteja wangu kuliko wote. Alikuwa kijana mchomeleaji wa milango na madirisha ya chuma, akikaa katika chumba cha mabati upande wa Soweto East, hapo hapo Kibera. Aliniita mara ya kwanza akiwa bado hajaoa. Alikuwa na televisheni ya chogo, ile yenye kisogo kikubwa nyuma, juu ya stendi aliyoichomelea mwenyewe, imara kiasi kwamba ingebeba ng'ombe. Alikuwa na mashine ya gemu ya mtumba, pedi mbili za kuchezea, na wufa kubwa, spika ya sauti nzito, aliyotaka niiweke mgongo ukigusa ukuta wa jirani, ili sauti ielekee kitandani walikokaa marafiki zake.

Nikaenda upande wa pili. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Odongo na mkewe, Mama Awino, aliyekuwa akiuza mboga barabarani. Awino, binti yao, alikuwa ameshaolewa Kisumu. Mzee Odongo alikuwa mwashi. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka kazini, viatu vikiwa na saruji, anakunywa chai kwa kikombe cha bati. Nikamweleza kwamba kijana wa upande ule anaweka wufa.

"Aweke tu," akasema. "Mimi nikifika hapa nimechoka, hata radi siisikii. Bora isiniangukie."

"Na ni gemu ya nini?" Mama Awino akauliza.

"Ya mpira."

Mzee akainua kichwa. "Mpira wa kweli ama wa kubonyeza?"

"Wa kubonyeza."

"Yawa," akasema, kama Wajaluo wanavyosema wakishangaa, akarudi kwenye chai yake. Mama Awino alinieleza kwamba kila Jumapili mumewe huenda uwanjani kutazama timu za mtaa, na hurudi bila sauti kwa kupiga kelele.

Miaka michache baadaye Mzee Odongo alianguka kazini. Mbao alizosimamia juu ya jengo ziliachia. Alipotoka hospitali miguu yake haikuwa na kazi tena. Walisogeza kitanda chake mpaka ukuta wa Brayo, kwa sababu upande ule paa halikuvuja. Mama Awino hakuwa na namna ila kuendelea na mboga zake, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka jioni Mzee alilala pale peke yake, akiangalia mabati. Nilikwenda kumpa pole. Nilikaa kidogo, nikakosa la kusema, nikamrekebishia redio. Sisi mafundi tukikosa la kusema tunatafuta kitu cha kufungua.

Brayo naye mambo yalikuwa yanamnyookea. Nilimtolea chogo nikamfungia skrini bapa. Alipata mashine mpya kidogo. Alipata mke, Sharon, na baadaye mtoto. Marafiki wakapungua kitandani, kama kawaida. Kisha siku moja akaniita tena.

"Niaje, Fundi. Nataka hedifoni. Zile kubwa, sauti isitoke nje kabisa."

"Mtoto hapati usingizi?"

"Mtoto analala hata kukiwa na harusi. Ni buda, yule mzee wa upande ule." Akapunguza sauti, akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Nikifunga bao, anagonga. Kila bao, Fundi. Msee ako kitandani, hawezi toka, na mimi namsumbua na makelele. Nimepunguza wufa mpaka imekuwa kama simu, bado anagonga."

"Umeongea na yeye?"

"Nitamwambia nini? Naona aibu."

Sharon alikuwa anakunja nguo za mtoto. "Hata salamu ameacha," akasema. "Anapita kwa hiyo mlango ameinamisha kichwa kama mtu ako na kesi."

Hedifoni hazitobolei mtu ukuta. Ningezichomeka na kuondoka. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshazoea, na kabla ya kufungua boksi nilikuwa nimeshazunguka nje na kupiga hodi.

Mzee Odongo alikuwa amekonda. Kile kikombe cha bati kilikuwa juu ya kitanda, karibu na mkono, kitupu. Nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kufunga kitu kwa Brayo ambacho kitamaliza kelele, kwa hiyo sasa atapumzika.

Hakufurahi.

"Fundi, niambie ukweli. Huyo kijana amekasirika na mimi?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Siku hizi anapunguza. Zamani nilikuwa nasikia mpira wote, mpaka yule mtangazaji. Najua timu yake, najua nani anacheza namba gani. Sasa nasikia kidogo kidogo, kama uwanja umehamishwa." Akashika kikombe. "Akifunga, nagonga. Ndio ajue niko hapa. Lakini nikigonga, ndio anapunguza zaidi."

Nilikaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Mzee," nikasema, "Brayo anadhani unamkemea."

"Namkemea?"

"Anadhani unasema nyamaza."

Katika mtaa wetu, mtu akigonga ukuta anakuambia punguza. Hakuna maana nyingine. Brayo hakuwa mjinga. Mzee Odongo naye alikuwa mtu wa uwanjani, ambako mtu akifurahi hugonga chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu naye kilikuwa ukuta huo tu. Wote wawili walikuwa wakifanyiana wema na wote wawili walikuwa wakiumia.

"Yawa," Mzee akasema taratibu. "Mimi namshangilia."

Machozi yalimtoka, na sikuangalia pembeni. Mwanamume aliyejenga nusu ya nyumba za mawe za mji huu alikuwa amelala pale akidhani hata jirani yake wa mwisho hamtaki. Nikarudi upande wa kwanza na kumweleza Brayo kama nilivyoambiwa. Alivua kofia, akaisokota mikononi, akatoka. Mimi na Sharon tulibaki, na kwa kuwa ukuta ni bati, tulisikia kila neno.

"Mzee, pole. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani nini? Kaa hapo. Huyo mchezaji wako wa pembeni kushoto ni mvivu, hakimbii. Nilikuwa nataka kukwambia siku mingi."

Sharon alicheka na kulia pamoja, akifuta uso kwa nguo za mtoto alizokuwa amezikunja. Hedifoni zilirudi kwenye boksi. Ndipo Brayo aliporudi akaniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kabla wala baada yake.

"Fundi, nyumba mbili zinaweza fungiwa mashine moja?"

Tulifanya hivi, na naandika kwa sababu siku moja mtahitaji. Tulitoboa tundu chini, karibu na sakafu, kwenye bati la pande zote mbili. Usipitishe waya kwenye tundu la bati hivi hivi. Bati hukata ganda la waya polepole, na siku moja nyumba nzima inashika umeme. Tulikata kipande kifupi cha bomba la plastiki, tukakichomeka, na waya zikapita ndani yake. Ishara ya picha tuliigawa mara mbili, moja kwa skrini ya Brayo, nyingine kwa skrini ndogo ya mtumba tuliyoitundika upande wa miguuni wa kitanda cha Mzee. Waya wa pedi ya pili niliurefusha kwa kuuunga, uzi kwa uzi, kila rangi na rangi yake, nikasahau chakula cha mchana.

Mzee alishika pedi kama unavyoshikwa mwiko wa mwashi, kwa ngumi. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimekakamaa kwa saruji. Mwezi mzima alipigwa mabao bila huruma, kwa sababu Brayo alisema akimwachia atajua. Kisha siku moja nilikuwa napita nje ya nyumba zile nikasikia kikombe kinagonga upande wa Mzee kwa fujo, na Brayo upande wa pili anapiga kelele kwamba hiyo ilikuwa faulo. Nilisimama nje kidogo. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya malipo.

Walicheza hivyo kwa miaka. Aliyefunga alikuwa lazima agonge ukuta, na aliyefungwa alikuwa lazima ajibu kwa kugonga mara moja, hata kama ana hasira. Mtoto wa Brayo alijifunza kugonga kabla ya kujifunza kutembea. Mzee alinenepa kidogo. Mama Awino aliniambia kwamba akirudi jioni sasa anakuta mtu ana habari za kumpa, mara nyingi za uongo, kuhusu jinsi alivyoshinda.

Halafu nyumba zile zikabomolewa. Tulijua zingebomolewa, ghorofa zilikuwa zinapanda upande wa pili wa barabara, lakini kujua hakupunguzi kitu siku yenyewe ikifika. Mzee Odongo na Mama Awino walipata nyumba kwenye ghorofa, juu kabisa, ya mawe, yenye maji ndani. Brayo alichomelea kiti chenye mikono ya kubebea, na yeye na wachomeleaji wenzake wakampandisha Mzee ngazi zote wakimwimbia kama bwana harusi. Kisha Brayo na Sharon wakahamia Kawangware, karibu na karakana yake. Mashine ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Brayo. Mzee alibaki na skrini ndogo isiyo na kitu cha kuonyesha, na pedi yenye waya uliokatwa.

Brayo aliniita Kawangware nimfungie nyumba mpya. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye pesa kidogo, na alikuwa amefikiria kila kitu. Skrini kubwa ukutani, waya zote ndani ya mfereji wa plastiki, mashine kwenye rafu yenye matundu ya hewa aliyoichomelea mwenyewe, pedi zisizo na waya, kiti chake peke yake cha kuegemea. Nilikaa kwenye kiti hicho, nikaweka alama. Nilizunguka upande wa pili wa ukuta nikakuta ngazi za nje tu, hakuna anayeishi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na ninawaambia hivyo bila kujisifu, maana vifaa vilikuwa vizuri na ukuta ulikuwa umenyooka.

Akawasha kujaribu. Akacheza. Akafunga bao, na mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe ukutani, ukagonga.

Ukuta wa mawe hautoi hata sauti. Brayo alikaa ameshika pedi, akisubiri, nadhani bila kujua kwamba anasubiri. Kisha akaiweka kwenye mapaja.

"Si mnaweza cheza kwa mtandao?" nikamwuliza, ili niseme kitu.

"Tulijaribu na simu. Mzee alisema mpira unafika kama ameshasahau alikuwa anataka kuupeleka wapi." Hakucheka. "Ameacha kushika simu, Fundi. Mama Awino anasema amegeukia ukuta tena. Na huko upande wa pili ni watu hajui."

Sharon alisimama mlangoni akiwa na ndoo. "Peleka," akasema.

"Peleka nini?"

"Hiyo mashine. Na TV. Tangu tuhamie hapa unaiongelea hiyo gemu, na sasa imefungwa umekaa hivyo. Peleka kwa Mzee, uende kucheza huko."

"Na hapa nyumbani?"

"Hapa nyumbani utaongea na mimi. Hujawahi jaribu."

Nilifungua yote niliyokuwa nimetoka kufunga. Niliziba matundu ya skrubu kwa chokaa, na Brayo aliomba msamaha kila skrubu. Nikamwambia aache. Nimefunga nyumba nyingi za watu waliopata walichotaka, nami najua nyuso zao.

Kule ghorofani, kitanda cha Mzee kilikuwa chini ya dirisha. Mtu aliyelala chali haoni skrini iliyonyooka, anaona kingo zake na mwanga. Ilibidi nione anachoona yeye, kwa hiyo nilipiga magoti na kuweka kichwa changu kando ya mto wake.

"Fundi," Mama Awino akaita kutoka jikoni, "huyo ana mwenyewe."

"Wacha nifurahie," Mzee akasema. "Ni siku mingi."

Tuliitundika skrini juu, ukuta wa miguuni, ikiwa imeinama mbele kwa mkono wa chuma aliouchomelea Brayo, mpaka Mzee akasema sasa, sasa, hapo. Halafu nikatoka, nikapiga hodi nyumba ya jirani. Msichana mmoja alifungua mlango nusu.

"Umekosea nyumba, mathe?"

Nikamweleza kwamba akisikia mtu anagonga ukuta kwa kikombe, asidhani ni ugomvi.

"Ni nini sasa?"

"Ni bao."

Alinitazama kama mtu anayeamua. Kisha akasema sawa, atajua ni bao.

Tangu siku hiyo Brayo hakuwa na gemu nyumbani kwake. Kila Jumapili baada ya kanisa alipanda zile ngazi, akakaa kwenye stuli kando ya kitanda. Mzee alishinda, akashindwa, akasingizia pedi. Siku nyingine alicheza peke yake, na mara moja nilipokwenda kusafisha vumbi nilisikia akigonga, na ukuta wa mawe, kwa mbali sana, ukijibu.

Mzee Odongo alifariki mwaka huu, mchana, Mama Awino akiwa sokoni. Tulimzika kwao Siaya. Brayo alishika jeneza upande wa miguu.

Baada ya matanga Mama Awino alinipigia simu. Nilikuwa nimeshawaambia nyinyi kwamba ninaacha kazi. Nilifikiri anataka niiondoe mashine nimrudishie Brayo, na nilijiandaa kwa hilo. Hakutaka hivyo.

"Fundi, kuja uinyooshe hiyo TV. Imeinama vibaya. Nikikaa kwa kiti sioni vizuri. Na huyo kijana anasema atakuja tu Jumapili, eti atanifunza. Sitaki akuje akae kuangalia ukuta tu."

Nilikwenda Jumapili hiyo hiyo. Brayo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye stuli yake, mikono kati ya magoti. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na niliona godoro jembamba limekunjwa pembeni sebuleni, nikajua Mama Awino halali chumbani. Kikombe cha bati kilikuwa dirishani. Nikapanda kwenye kiti na bisibisi mkononi. Kabla sijagusa kitu nikamwambia maneno niliyoambiwa mimi siku ya kwanza.

"Mama, kaa kwanza mahali utakapokuwa unakaa."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Akainua macho kwa skrini, akakunja uso. Akasimama. Akaangalia kitanda kwa muda, kisha akavua viatu, akapanda, akalala chali mahali pa mumewe, kichwa kwenye mto wake. Alilala vile akitazama juu, na mkono wake ukanyooka polepole mpaka ukakifikia kikombe.

"Kumbe alikuwa anaona hivi," akasema.

Brayo alifunika uso kwa kofia yake.

"Wacha ikae hivyo, Fundi," Mama Awino akasema. "Brayo, nipe hiyo kitu. Nionyeshe pahali ya kubonyeza."

Nilishuka kwenye kiti na kurudisha bisibisi ndani ya boksi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na sikulegeza hata skrubu moja.